Kisima Tulichokiacha Kijae Mchanga

Kuna siku moja, mwanangu, sijaisahau mpaka leo. Nilikuwa msichana, tunachunga ngamia upande wa Hadado, na kiangazi kimekaza. Shirika moja lilikuwa likituletea maji kwa lori. Watu wema, sikatai! Lakini tulizoea. Kisima cha ukoo wetu, ambacho wazee walikizoa mchanga kila kiangazi, tukakiacha. Nani ajichoshe, na lori linakuja?

Basi lori halikuja. Tulitazama barabara hadi macho yakauma. Baadaye ndipo tulipoambiwa kwamba mradi ulikuwa umekwisha. Mdogo wangu Abdi, bado ananyonya, na maziwa ya mama yamekauka, akaacha kulia. Wallahi, kunyamaza kwake kulinitisha kuliko kilio.

Mama akabeba kamba, tukaenda kisimani. Mimi ndiye mwembamba, nikashushwa. Niliogopa, mwanangu, usiulize! Kuta zinamomonyoka, mchanga unaniingia shingoni, kila nikijaza ndoo nasikia kitu kinaporomoka juu yangu.

"Hooyo, nitoe!" nikamlilia mama.

Mama akainama ukingoni. "Zoa, mama, zoa. Nikikutoa sasa, Abdi anatuacha."

Nikazoa huku nikitamka shahada, nikijua pale ndipo kaburi langu, mpaka mchanga ukawa baridi, kisha tope. Mama aliyachuja maji yale kwa mtandio wake. Abdi akameza, akakohoa, akalia. Mama naye akaketi chini akalia.

Na jana wewe, mjukuu wangu, mwenyekiti mzima wa kamati ya maji, unaniambia, "Ayeeyo, shirika jipya linakuja, kisima kile tukifukie watoto wasitumbukie." Nilihisi mchanga shingoni tena. Kifunike kwa mbao, we mtoto, usikifukie!

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ni kweli kabisa. Ila mgeni ana kwao, na siku ya kurudi hakuulizi. Wapokee, wape chai, washukuru kwa moyo. Kisha waulize mbele ya watu wote: mkiondoka, maji haya yataendeshwa na nani? Na lori lije lisije, kila kiangazi chukua vijana wenzako mshuke mzoe mchanga.

Mungu akujalie mvua, mwanangu. Na ikikawia, ukame ukukute kisima chako hakijajaa mchanga, na wanao wana nguvu ya kulia.