Miguu Mitano na ukuta mtupu wa hospitali

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, ukungu umejaa bondeni na hauonyeshi dalili ya kuondoka. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, lakini mwanamke huyu amelala kabisa, tumbo kwenye nyasi zenye umande, jicho kwenye kamera iliyoshushwa hadi karibu na ardhi.

"Shemeji, guu moja linazama kwenye tope," anasema bila kugeuka.

"Lipi? Wewe unayo matano," anajibu mwanamume aliyesimama nyuma yake na chupa ya chai.

Huku vilimani anaitwa hivyo, Miguu Mitano: miwili ya kwake, mitatu ya stendi ya kamera anayobeba begani. Watoto wa njiani ndio waliompa jina hilo, naye analiitikia kwa furaha.

Mjini ni mpiga picha wa harusi, mwenye studio ya chumba kimoja na pazia la bluu. Harusi zikipungua hufunga mlango, akatembea njia ya miguu inayopita juu ya vilima, kilomita themanini na ushei, akipiga picha za mandhari. Mdogo wa mume wake, fundi seremala, humsindikiza na kumsaidia mizigo.

"Harusi moja inanilipa kuliko vilima vya mwaka mzima," anasema. "Lakini kilima hakijawahi kuniomba nikipunguze kitambi."

Safari hii amefunga studio wakati harusi zimepamba moto. Hospitali ya mjini kwao imejenga chumba kipya cha kusubiri, na ukuta mmoja mrefu uko mtupu. Muuguzi mkuu amemwomba picha ya kuujaza. Sharti ni kwamba ifike kesho, kabla ya chumba kufunguliwa. Asipoileta, watabandika maporomoko ya maji ya karatasi yanayouzwa madukani.

"Maporomoko ya kiwandani!" anasema, na hasira yake si ya utani. "Nilikaa hospitali ile na marehemu mama miezi mingi. Najua mtu anavyoutazama ukuta akisubiri jina lake liitwe. Ule ukuta ni wangu, simwachii mtu."

Picha ya kwanza aliipiga mwezi uliopita, na ilikuwa nzuri kweli. Alimngoja mchungaji mpaka akaondoka na mbuzi wake. Kisha akasogeza kamera mpaka njia ya miguu ikajificha nyuma ya kichaka, maana wapiga picha wa mandhari wana uchu wa usafi kama mama mwenye nyumba anayesubiri wageni. Akachapisha nakala ndogo, akaibandika hospitalini, akakaa benchi kusikiliza.

Watu walisifu. Kisha mama mmoja aliyefungwa bandeji mguuni akauliza, "Pazuri. Sasa mtu anapita wapi?"

"Nilicheka, halafu kicheko kikaniisha," anasimulia. "Njia niliificha mwenyewe. Mgonjwa anatamani kutoka pale, mimi nimempa ukuta mwingine!"

Ndiyo maana amerudi. Mvua imemharibia siku zote zilizotangulia, na leo ndiyo asubuhi ya mwisho. Ukimuuliza kama ana wasiwasi, anakuangalia kama umemtukana. "Jua litatoka. Lina kazi gani nyingine?"

Shemeji yake hana imani hiyo. "Mbao za fremu nimeshakata," ananinong'oneza. "Picha ikikosekana, nitatengeneza kitanda."

Jua linatoka. Ukungu unapasuka katikati, na njia inaonekana, nyekundu kwa mvua ya jana, ikianzia karibu na pua ya mpiga picha na kupanda hadi mgongoni mwa kilima. Wakati huohuo mwanamke mwenye mzigo wa kuni kichwani anatokea kwenye kona ya chini.

Kwa mazoea, shemeji anainua mkono. "Mama, samahani, tusubiri kido—"

"We! Mwache apite!" Miguu Mitano anamvuta suruali.

Mwanamke anapanda bila haraka. Penye mwinuko mkali anasimama, anaweka sawa mzigo, anaendelea. Kamera inalia, inalia tena, mpaka anapotelea upande wa pili wa kilima.

Mpiga picha anaketi kwenye tope na kutazama kioo cha kamera. Anafuta machozi kwa kiganja, tope likabaki shavuni, kisha anamkabidhi shemeji yake aone.

"Anakwenda wapi yule?" shemeji anauliza.

"Sijui. Ila amevuka."

Leo jioni picha itachapishwa, na tayari amemwambia muuguzi mkuu jinsi anavyotaka itundikwe: si juu karibu na dari kama picha za wakubwa, bali chini kabisa, njia ianzie usawa wa magoti ya aliyekaa benchi.

"Mtu akichoka kusubiri," anasema akikunja stendi, "aanze kupanda."