Sahan wa Kompyuta Saba

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya mifugo Garissa, kabla hata sijapewa kiti, mkuu wa kitengo cha kompyuta aliniuliza, "Mfumo wa mashine hizi utaachwa lini?" Nikabaki kukodoa macho. Mimi na diploma yangu!

Mkuu huyo alikuwa Halima, mzaliwa wa Elwak. Sote tulimwita Eeddo, yaani shangazi. Akanieleza taratibu. Mfumo endeshi ndio unaobeba programu zote za kompyuta. Waliouunda hutuma masasisho ya kuziba matundu yake, lakini kila toleo lina tarehe ya mwisho. Ikipita, mashine itawaka kama kawaida, ila tundu jipya halizibwi tena na wezi wanaingia. "Kwa hiyo tunahama mapema," alisema, "lakini hatuhami kabla sahan hajarudi." Sahan, kwetu wafugaji, ni yule anayetangulia kuangalia maji na malisho. Kwa Eeddo ilikuwa kompyuta moja, inayopandishwa toleo kwanza na kujaribiwa wiki mbili.

Nami nilikuwa na kiherehere. Jumanne moja mchana, Eeddo akiwa mkutanoni, nikapandisha toleo kompyuta sita kati ya saba za ofisi ili nimfurahishe. Ya saba, yenye toleo la zamani bado, alikuwa ameifungia ofisini mwake.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Programu ya vibali vya kusafirisha ng'ombe ikakataa kufunguka kwenye zote sita, na bila kibali lori haliondoki.

"Warya!" mfanyabiashara mmoja akanifokea dirishani. "Ng'ombe yangu iko kwa lori tangu alfajiri, inakufa kiu, wewe unaniambia kompyuta imekataa?"

Wallahi, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Eeddo hakupiga kelele. Aliketi kwenye ile ya saba, akatoa vibali kimoja kimoja hadi alasiri, chai ikampoa kando. Lori la mwisho lilipoondoka, mkurugenzi akaingia amefura, akitaka kujua nani wa kufukuzwa.

"Kosa ni langu," Eeddo akasema. "Sikumweleza vizuri."

Alikuwa amenieleza vizuri sana.

Baadaye nilipelekwa Masalani, Liboi, kisha nikarudi Garissa kwenye kiti chake. Kila kituo nilibandika ukutani tarehe ya mwisho ya kila mfumo, na juu yake tarehe ya sahan. Mkuu kama yule mama sijamwona tena.

Sasa nimestaafu. Mwezi uliopita, binti niliyemwachia kiti alinipigia simu akilia: amehamisha mashine zote kwa pamoja, rekodi za chanjo hazifunguki, na mkurugenzi amesimama mlangoni.

"Nakala ulihifadhi?"

"Nilihifadhi, Adeer," akajibu, yaani ami.

"Basi utazirudisha. Sasa mpe mkurugenzi simu."

Nikamsikia akihema kwa hasira.

"Kosa ni langu," nikamwambia. "Sikumweleza vizuri."