Ushahidi wa Mtani

Baba yangu alipoambiwa kwamba kidonda cha begani ni saratani, agizo lake la kwanza lilikuwa mtani wake asijue. Majirani wajue, sawa. Mchungaji ajue, sawa. "Lakini yule Mluguru akijua," aliniambia, "sitapumzika tena." Niliahidi kunyamaza, na kabla ya chakula cha mchana Mtani alikuwa ameshapiga simu kutoka Kilosa kuuliza nani atarithi baiskeli. Mama ndiye aliyemwambia. Mama yangu hana ubaya wowote, ila siri kwake ni kitu cha kugawana na watu.

Babu yangu alikuwa Mnyamwezi aliyefika Kilosa kukata mkonge na hakurudi kwao. Baba alizaliwa huko huko Kilosa, akaajiriwa reli, kwenye gengi, yaani kundi la watu wanaotengeneza njia ya treni kwa mikono yao. Humo ndimo alimokutana na Mtani. Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za wazee wao, na hawa wawili waliuchukua utani kama ajira ya pili. Kila mmoja humwita mwenzake mtumwa wake. Sijawahi kuwasikia wakizungumza jambo la maana hata wakati wa kuoza mabinti zao.

Kidonda chenyewe kilikataa dawa zote za Mama, pamoja na ile ya majivu ambayo alituapia haijawahi kushindwa. Ndipo nikampeleka Baba hospitali ya misheni. Daktari alikata kipande cha ngozi kikaenda kupimwa, na majibu yaliporudi alianza kwa kuuliza habari za kazi.

"Mzee, begani ulikuwa unabeba nini?"

Baba alimtazama kama aliyeulizwa anakula kwa mdomo upi. "Mataruma," alisema.

Sehemu kubwa ya reli yetu ya zamani imelazwa juu ya mataruma ya chuma, lakini madarajani yalikuwa ya mbao, na mbao hizo zililoweshwa katika mafuta meusi mazito ili mchwa wasizile. Wanagengi waliyaita dawa. Mto Mkondoa nao una tabia yake pale Kidete: mvua ikikolea unakuja kuchukua reli. Basi kila masika Baba na wenzake walikwenda kurudisha kilichochukuliwa, taruma begani, dawa ikiwachuruzika. Mchwa walipoinusa walikimbia, Baba akaibeba. Daktari alisema mafuta ya namna ile yakikaa na ngozi miaka mingi yanaweza kuleta ugonjwa huu. Akasema pia kwamba mtu aliyeumizwa na kazi ana haki ya kudai fidia, na fidia hiyo hugharamia matibabu, mradi athibitishe kwamba kazi hiyo aliifanya.

Matibabu yalikuwa ya mionzi, huko Dar es Salaam, ya kwenda na kukaa. Baba alikuwa ameshatangaza kwamba shamba la mpunga la Tindiga haliuzwi kwa ajili ya bega la mzee. Alitangaza kwa ile sauti yake ya kufunga mazungumzo. Kwa hiyo kwangu madai hayakuwa mambo ya sheria hata kidogo. Yakikubaliwa, Baba anatibiwa. Yakikataliwa, anakaa nyumbani Mikumi na jeuri yake mpaka kidonda kimmalize.

Mimi nina mgahawa kando ya barabara kuu pale Mikumi. Nimezoea kugombana na madereva wa malori kuhusu ukubwa wa mnofu, nikadhani ofisi haitanishinda. Ilikaribia kunishinda. Kumbukumbu za gengi la Baba kila ofisi ilisema ziko ofisi nyingine, na kila mtu alinielekeza kwa upole mkubwa, jambo lililonikasirisha zaidi, maana mtu mpole huwezi kumfokea ukatosheka. Mwishowe afisa wa fidia, kijana mmoja mtulivu, alinipigia simu akasema basi tumtafute mtu aliyefanya kazi bega kwa bega na mzee, aje atoe ushahidi. Wenzake wote walikuwa wamefariki au wamehama, hakuna ajuaye walikohamia. Alibaki mmoja.

Baba aliposikia ni nani, alicheka mpaka akakohoa. "Umezunguka dunia nzima ukaniletea huyo?"

Tulikodi gari dogo tukapita njia ya kijiji cha Ulaya hadi Kilosa, ambako afisa alikuwa ameazima chumba kwa siku hiyo. Mtani alikuwa ameshafika, kofia ya kufuma kichwani, ametulia kama bwana harusi. Nilimwamkia shikamoo. "Marahaba, mwanangu," aliitikia kwa adabu zote, kwa sababu kwenye salamu hana mchezo. Kisha akamgeukia Baba.

"Bado hujafa tu? Nguo zangu za msibani nimeshazipiga pasi."

"Nasubiri utangulie, mtumwa wangu, ukanifagilie."

Afisa alitabasamu, akamwapisha Mtani, akafungua kompyuta yake. Nilikaa karibu na Baba nikiwa na moyo mwepesi. Nilijua hakuna mtu duniani aliyeijua kazi ya Baba kuliko huyu.

"Mzee, unamfahamu mdai?"

"Namfahamu sana. Ni mtumwa wangu. Babu yangu alimnunua babu yake kwa mkungu wa ndizi, na ndizi zenyewe zilikuwa hazijaiva."

Baba alianza kutikisika kwa kicheko.

"Alikuwa anafanya kazi gani?"

"Kazi? Huyu? Kazi yake ilikuwa kulala. Treni zilikuwa zinapiga honi ili zimwamshe."

"Je, alibeba mataruma?"

"Taruma ndilo lililombeba yeye."

"Na ile dawa nyeusi, aliigusa?"

"Angeigusa wapi, baba? Mtu anayeogopa hata maji ya kuoga!"

Baba alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Nami nilicheka, siwezi kukataa. Aliyekuwa hacheki ni afisa. Alimaliza kuandika, akatusomea kwa sauti ya taratibu: shahidi ameapa kwamba mdai hakuwa mtendaji wa kazi, hakubeba mataruma, wala hakugusa dawa ya mbao.

Kicheko kilitukauka. Nilisimama nikamwambia Mtani kwamba kama anataka kumwua baba yangu, achukue panga kama wanaume wengine. Baba aliniambia niketi. Nilikaa, ila kwa hasira.

"Dada, hata kwetu tuna watani," afisa alisema. "Mimi ninajua mzee anatania. Lakini watakaoyasoma haya huko makao makuu hawatakuwa wanamwona uso. Naweza kufuta tukaanza upya, ila safari hii aseme ukweli mtupu."

Mtani alimtazama afisa, akamtazama Baba, akarudi kwa afisa. "Mbele yake?" aliuliza.

Hapo ndipo nilipomwelewa. Mtani hamsifu mtani wake mbele ya macho yake, na akiwa mgonjwa ndiyo kabisa. Ukimwonea huruma umemzika. Hata msibani, watu wote wakilia, mtani ndiye anayeingia kaburini na kulala humo akisema nafasi hii ni yake, mpaka wafiwa wacheke. Mzee huyu alikuwa hajakosea. Alifanya kile alichofundishwa kufanya kwa mtu anayempenda, akakifanya vizuri, mahali pabaya.

"Toka nje," alimwambia Baba.

"Sitoki. Nimekodi gari. Sema nikusikie."

Mtani alivua kofia akaiweka juu ya goti. Alipoanza kusema sikuitambua sauti yake.

"Andika. Huyu alibeba mataruma. Tulikuwa tunabeba wawili wawili, na mwenzangu alikuwa yeye, kwa sababu tulilingana kimo. Yalikuwa mataruma ya madaraja, yanakuja yakiwa bado mabichi kwa dawa. Jua likipanda dawa inayeyuka, inashuka shingoni mpaka kiunoni. Ukioga haitoki. Ngozi inawaka mpaka asubuhi, na asubuhi unabeba tena. Hatukupewa cha kuvaa."

Afisa akadhani amemaliza, akashukuru.

"Sijamaliza," alisema Mtani. "Kulikuwa na gunia. Mke wake alilikunja akalishona, aweke begani. Siku ya kwanza tu nikamnyang'anya. Ni utani, unaelewa? Mtani akichukua kitu chako huruhusiwi kununa. Nikamwambia jioni nitakurudishia. Sikumrudishia. Nilivaa mimi lile gunia mpaka likaoza, na yeye akabeba kwa bega tupu, anacheka. Mimi bega langu hili hapa. Halina hata kovu. Na hilo liandike."

Nilimgeukia Baba nikisubiri jibu. Alikuwa anatazama sakafu.

Tulipanda gari tukarudi. Nitasema wazi, nilimchukia Mtani. Nilimchukia kwa lile gunia kutoka Kilosa mpaka tulipoikaribia Mikumi, na nilikuwa nimeshatunga maneno ya kumwambia siku nitakayokutana naye. Kisha nikakumbuka kwamba hakuna aliyemuuliza habari za gunia. Angeweza kuishia kwenye mataruma, na ushahidi ungetosha.

"Hakupaswa kusema vile," Baba alisema ghafla.

"Kwani si kweli?"

"Ni kweli." Akageuza uso dirishani. "Amenihurumia, mwanangu. Sasa ndiyo naona kwamba naumwa."

Madai yalikubaliwa. Siku niliyopigiwa simu nilipiga vigelegele jikoni mpaka maharage yakaungua, na madereva wakayala hivyo hivyo bila kuthubutu kuuliza. Baba angetibiwa. Nilidhani sasa nyumba yetu itarudi kuwa nyumba.

Lakini Mtani alikuja kumwona mgonjwa, na aliyekuja alikuwa mtu mwingine. Alibisha hodi, yeye ambaye siku zote aliingia moja kwa moja hadi kwenye sufuria. Alileta machungwa. Alimwita Baba "kaka yangu", akamuuliza usingizi anapata, akasubiri aambiwe aketi. Baba alimchokoza kwa kila alichonacho. Alimwambia ana miguu ya mbuzi. "Ndiyo, kaka," alijibu Mtani. Alimwambia kwao milimani watu huzaliwa mguu mmoja mrefu, mwingine mfupi. "Inawezekana, kaka." Mama aliondoka akaenda kulia jikoni. Alipokwisha kuondoka mgeni, Baba aligeukia ukutani na hakutaka kula. Nikaona kwamba tumeshinda madai, na Baba anaanza kufa kabla ya ugonjwa wenyewe. Nilimwomba Mtani kwa simu arudie matusi yake. Alisema anayatafuta, hayaji.

Asubuhi ya safari ya Dar es Salaam, Mtani alikuwa kwenye stendi ya Mikumi kabla yetu, ametoka Kilosa na usafiri wa kwanza. Alivaa koti jeusi la suti, jipya, nadhani alilinunua kwa ajili ya siku hiyo. Alisimama pembeni, mikono imekunjwa mbele, kama watu wanavyosimama mwili ukitolewa ndani. Alimpa Baba mkono wa pole. Baba aliupokea.

Basi lilifika kutoka Iringa, kondakta akaanza kutuharakisha. Nilipanda kwanza na mizigo, nikapata kiti cha dirishani, nikanyoosha mkono kumvuta Baba. Alikuwa ameweka mguu kwenye ngazi. Akautoa. Akarudi mpaka aliposimama Mtani, akakamata kola ya lile koti kwa mkono wake mzima, akavuta.

"Lete."

"Kaka?"

"Lete koti, mtumwa wewe. Huko Dar hospitali zina baridi."

Mtani aliduwaa. Kondakta alipiga ubavu wa basi, abiria wakachungulia. Taratibu, mkono mmoja kisha wa pili, koti likamtoka. Baba alilitupia begani, juu ya bandeji, pale pale penye kidonda, akalipapasa kama anayepima kitambaa.

"Jioni nitakurudishia," alisema, akageuka akapanda basi.

Mtani alibaki na shati lake. Machozi yalimtoka. Basi likaanza kusogea. Ndipo ikaja ile sauti ya zamani, kubwa, mpaka wauza vitunguu wote wakageuka.

"Mwizi! Mshikeni huyo Mnyamwezi, ameniibia koti!"

Stendi nzima ikaangua kicheko. Baba alikaa kando yangu, koti begani, kidevu juu, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akitabasamu. Mtani alikuwa anakimbia kando ya basi kwa ile miguu yake, analigonga kwa kiganja chini ya dirisha letu, machozi yamemjaa usoni na wala hayafuti.

"Ulirudishe!" alikuwa anapiga kelele. "Unasikia, mtumwa? Usimpe mtu aniletee. Ulilete mwenyewe! Mwenyewe!"