Mji Uliopimwa kwa Nyota

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ncha ya mnyororo nikaambiwa nifunge mdomo. Nilikuwa kijana wa ndevu mbili tatu, nimetoka kwenye mpunga wa baba yangu karibu na Itungi, na mbele yangu alisimama Mjerumani tuliyemwita Bwana Mpimaji. Mnyororo ulikuwa wa chuma, pete baada ya pete. Mimi niliuvuta hadi ukakaza, na aliyekuwa ncha ya pili akachomeka kigingi pale ulipoishia. Vijana wa leo mnadhani kupima ardhi ni kazi ya kalamu. Sisi tulipima kwa magoti, ndani ya tope la bonde la Kyela, ruba wakitunywa damu.

Wa ncha ya pili alikuwa kaka yangu, Ambakisye. Baba yetu alikuwa Mnyakyusa, mama yetu Mkisi wa ufukweni, mfinyanzi wa vyungu. Kaka ndiye aliyeniombea kazi kwa nyapara, mtu wa pwani aliyesimamia vibarua. Kaka alikuwa mcheshi na mbishi, na mimi nilikuwa mwoga. Sioni haya kusema hivyo, maana woga ndio ulionifikisha uzeeni.

Bwana Mpimaji alikuwa ametumwa kupanga mji mpya bondeni. Kwenye karatasi yake mji ulikuwa umekwisha: boma hapa, soko pale, maduka ya Wahindi, kisha uwanja mtupu, na ng'ambo ya uwanja nyumba zetu sisi weusi, upande ambao upepo wa ziwa ungepeleka moshi wetu mbali na pua yake. Barabara zote zilikwenda kaskazini na kusini, au mashariki na magharibi, bila kupinda hata kidogo. Lakini kaskazini yenyewe ilikuwa haijapatikana. Dira yake ilionyesha hivi leo na vile kesho.

"Sindano inadanganya," alisema. "Milima hii ina chuma ndani. Mji wangu utafuata nyota."

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo balaa lilipoanzia. Huku kwetu hakuna nyota inayokaa kaskazini ikatulia. Kwa hiyo mpimaji huishika nyota moja ikiwa inapanda upande wa mashariki, anakaza darubini yake ya miguu mitatu kwenye kimo hicho, kisha anangoja mpaka nyota ile ile ishuke magharibi kwa kimo kile kile. Katikati ya sehemu hizo mbili ndipo penye kusini ya kweli, na nyuma yake kaskazini. Lakini gizani huwezi kukumbuka darubini ilikuwa imeelekea wapi. Lazima kuwe na alama ya mbali isiyosogea, na alama hiyo ni taa. Nyota ikishikwa mara ya kwanza taa iwe inawaka, na ikishikwa mara ya pili iwe bado inawaka pale pale. Ikizimika katikati, kazi yote imepotea.

Taa yetu iliwekwa kwenye kilima kimoja upande wa Ngana, na mshika taa alikuwa kaka.

Mvua ya Kyela mnaijua. Mbingu zilifunga wiki baada ya wiki, Bwana akawa anapiga teke kila kilichomkaribia. Meli ya kupeleka ramani yake kusini ilikuwa inangojwa. Hatimaye siku moja mchana mawingu yakafumuka, mbingu ikatakata, naye akacheka kwa mara ya kwanza.

Siku hiyo hiyo malafyale mzee, mtawala wetu, alikuwa anamtoa mwanawe. Kwa desturi yetu, kijana wa malafyale anapokabidhiwa nchi, mioto yote huzimwa, kila jiko, kila kijinga. Nchi nzima hukaa gizani, kisha moto mpya hupekechwa kwa vijiti na kugawiwa nyumba kwa nyumba. Wazee walisema moto wa zamani ukionekana unawaka usiku huo, malafyale mpya atakufa angali kijana. Na aliyeuwasha hangojwi aeleze, huchomwa mkuki papo hapo.

Kaka alikwenda kwa Bwana mwenyewe. Mimi nilisimama nyuma yake.

"Bwana, leo taa haiwezekani. Tungoje kesho."

"Kesho mvua," Bwana alisema. "Taa isipowaka, hamsa ishirini. Wewe na huyu."

Hamsa ishirini ni viboko ishirini na vitano. Nilikuwa nimeona mgongo wa mtu aliyevipata. Tulitoka pale, nyuma kiboko, mbele mikuki.

Mama ndiye aliyetafuta njia. Alimsikiliza kaka mpaka mwisho, kisha akatoa chungu kikubwa na kukitoboa ubavuni tundu la kupita vidole viwili.

"Funika taa kwa hiki," alisema. "Tundu lielekee kwa Mzungu peke yake. Vijiji vya kulia na vya kushoto vitaona giza."

"Ndaga, mama, asante," kaka alijibu. Akanigeukia akicheka. "Unatetemeka nini, mdogo wangu? Mimi ndiye ninayekwenda."

Jua lilipozama, mioto ilianza kufa. Nilikuwa kwenye darubini na Bwana, nimeshika saa yake, na nililiona bonde likizimika kijiji baada ya kijiji mpaka pakawa hapana kitu. Sijapata kuona giza kama lile. Hata mbwa walinyamaza. Kilimani palibaki nukta moja nyekundu, ndogo, inayotutazama sisi tu.

Bwana akaishika nyota mara ya kwanza. Sasa ilibidi kungoja izunguke.

Wakati wa kungoja ndipo nilipogeuka nyuma. Mpaka leo sijui kwa nini niligeuka. Nyuma yetu, upande wa ziwa, ndipo palipokuwa uwanja ambapo vijana wa kijiji kipya cha mwana wa malafyale walikaa gizani kungoja moto wao. Tuliwaza vijiji vya kulia na vya kushoto, na hapana hata mmoja wetu aliyewaza nyuma. Mwanga haukomi pale ulipotumwa. Ulitupita sisi ukaenda moja kwa moja mpaka kwenye macho yao.

Kwanza nilisikia sauti moja, mbali. "Nyota gani ile isiyopanda?"

Kisha sauti nyingi. Kisha zikakatika, na kimya kile kiliniogopesha kuliko kelele. Baadaye nilisikia majani ya mpunga yakipigwa na miguu, watu wengi, wakipita pembeni yetu mbio kuelekea kilimani. Hawakutujali. Nilimwomba Kyala, Mungu wetu, kwa lugha zote nilizozijua.

"Bwana," nikasema, "watamuua kaka yangu. Niruhusu nikamwambie azime."

Hakuondoa jicho kwenye kioo. "Soma saa," alisema.

Nikasoma saa. Nukta ile ilikuwa bado inawaka, nami nikawa naiambia moyoni, zima kaka, zima, viboko tutavimeza. Hakuzima. Alikuwa amesema ataishika mpaka mwisho, na ubishi wake ulikuwa ndio huo.

"Nimeipata!" Bwana alipiga kelele ya furaha. "Kaskazini!"

Alikuwa hajamaliza neno hilo taa ikapotea.

Mimi na nyapara tulipanda alfajiri, kwa kuwa kabla ya hapo hatukuthubutu. Tulikuta vigae vya chungu cha mama, taa imevunjika kioo, na mkuki mmoja umechomwa ardhini. Kaka hakuwapo, wala damu. Nyapara aliokota taa, maana ilikuwa mali ya serikali.

Mama aliacha kufinyanga. Alikaa mlangoni akitazama mikono yake, na mimi sikuweza kumtazama usoni. Ndipo wanawake wa Kikisi waliopeleka vyungu kwa mtumbwi ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Waingereza, waliporudi na neno: yu hai, alijitosa mtoni, asirudi. Kijana aliyetolewa usiku ule alikuwa ameapa kwamba akimwona ndani ya nchi yake, yeye mwenyewe atamchoma mkuki.

Na mji? Bwana Mpimaji aliondoka na homa. Akaja Bwana wa pili, mnene, aliyechukia kutembea. Alitazama vigingi vyetu, akacheka. "Huyu alipanga mji uelekee nyota," alisema. "Mimi nautaka uelekee gati." Akatuamuru tuving'oe vyote. Niliving'oa kwa mikono yangu hii. Kabla hajachomeka vyake, vita vikaja, na Songwe ukawa mto wa bunduki.

Baadaye niliwatumikia Waingereza, mnyororo ule ule, matusi mengine, mpaka magoti yakakataa nikapumzishwa. Vijana huniuliza kama kazi yetu ilikuwa nzuri. Ilikuwa ya heshima, nami naipenda bado. Lakini kila mstari kwenye ramani una mtu aliyesimama mwisho wake, na anayeuchora hamwoni.

Yule malafyale tuliyeambiwa taa ingemuua angali kijana, alizeeka mpaka akaishiwa meno. Alipozikwa, ndipo kaka aliporudi, naye mzee, anatembelea fimbo. Mama alikuwa amekwisha kufa zamani.

"Nionyeshe mji wangu," aliniambia.

Nikamwambia kweli, kwamba vigingi viling'olewa. Nikampeleka mahali iliposimama darubini. Palikuwa mpunga, na mwanamke mmoja anafukuza ndege. Kaka alipatazama. Hakukasirika. Akauliza tu kama nilikuwa na taa, nami nikampa niliyokuja nayo.

"Wewe simama hapo hapo," alisema.

Alipanda kilima taratibu, jua likizama. Pande zote mioto ilikuwa inawaka, watu wanapika, mtu fulani anaimba. Kisha juu kule nikaiona, bila chungu safari hii, inawaka wazi kwa kila mwenye macho. Hakuna aliyegeuza shingo. Mimi, mzee mwenye wajukuu, kabla sijajua ninalofanya nilikuwa nakimbia ndani ya mpunga nikipiga kelele, "Zima, kaka! Zima! Zima!"