Kadi Fupi kwa Mashine ya Baba

Katika ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kupata stashahada, na sikuipata kwa kubebwa na mtu. Niliteremka kutoka milima ya Kipatimu nikiwa na jozi moja ya viatu, nikashusha mizigo Kariakoo mchana na kusoma jioni, nikavuka mpaka Maskati na kutengeneza kompyuta za maofisini hadi wale walionifundisha kazi wakawa wananiuliza mimi. Niliporudi nilifungua karakana mjini Lindi, karibu na stendi, na bango lake nililichora mwenyewe. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba habari ya kadi ninayotaka kuisimulia haikuwa habari ya mtu asiyejua anachokifanya.

Mashine yenyewe niliipeleka Kipatimu mara tu niliporudi. Ni kompyuta ya mezani ya zamani, ya kasha jembamba linalolazwa ubavu, aina ya zile unazoziona kwenye kaunta za kulipia. Ofisi fulani ilikuwa imezitoa mbili. Moja nikaiacha karakanani kwa vipuri, nyingine nikaipangusa, nikaiongezea memori na kuifunga sebuleni kwa baba. Ukiacha shule na misheni, nyumba yetu ndiyo iliyokuwa na kompyuta upande ule wa kilima. Watu walikuja kuitazama hata ikiwa imezimwa. Baba aliifunika kwa kitambaa cha kufuma ambacho mama alikuwa akifunikia redio.

Mama hakuiona. Alifariki mwaka mmoja kabla sijarudi, miezi michache baada ya harusi ya mdogo wangu wa kike. Harusini sikuwepo na mazishini sikuwepo. Lakini mpiga video nilimlipia mimi, na nilimwambia kwenye simu arekodi kwa ubora wa juu kabisa alionao, kwa sababu mimi nitakuja kuitazama kwenye TV kubwa, si kwenye kioo cha simu kama watu wengine. Akafanya hivyo. Video aliyoitoa ilikuwa nzito kama gunia la korosho, tena imebanwa kwa mtindo mpya ambao kompyuta za zamani hazikuzaliwa nao.

Mama alikuwa hapendi kupigwa picha. Kamera ikitokea, yeye alikuwa na kazi jikoni. Picha pekee iliyobaki ni ile ya kwenye kitambulisho, na baba aliikataa tangu siku ya kwanza. Alisema yule ni mtu wa serikali, hakuwahi kulala naye nyumba moja.

Ikabaki video. Na kwenye video yote ile, pamoja na urefu wake, mama anaonekana mahali pamoja tu, maana kwetu mama wa biharusi hakai mbele. Wapo wajomba, yupo shehe, wapo vijana waliovaa miwani ya jua ndani ya ukumbi. Halafu, kabla ya keki, mpiga video anapita uani kwenye masufuria ya pilau. Moshi umetanda, wanawake wanapishana na masinia. Katikati yuko mama, ameipa kamera mgongo, mwiko mkononi. Mpiga video anaita, "Mama, hebu tazama huku." Mama anaanza kugeuka. Unaona bega, unaona sikio na hereni ndogo aliyokuwa haivui, unaona ukingo wa shavu.

Hapo picha inakwama.

Sauti haikwami. Unawasikia wanawake wanacheka, mmoja anapiga kigelegele, mwingine anasema neno lisilosikika vizuri. Picha inapozinduka, tayari ni ukumbini na watu wanakata keki. Ilikuwa hivyo kila mara. Sababu yake niliijua mara moja, na nikawaeleza: moshi na watu wengi wanaotembea kwa pamoja ni mzigo mkubwa kwa prosesa ya zamani kuliko watu waliokaa kwenye viti. Dada yangu, yule biharusi mwenyewe, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo Fundi wa Maskati," akasema, "mashine yako inashindwa na moshi wa pilau."

Tungeendelea kutaniana hivyo miaka mingi kama si macho ya baba. Yalianza kufifia taratibu, akawa anaumwagia mkeka chai na kusingizia kikombe. Dada alimteremsha Lindi, nikawapeleka hospitali. Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema mshipa wa jicho unakufa, kilichokwisha kwenda hakirudi, na dawa ya matone ni ya kulinda kidogo kilichobaki, kwa muda ambao hawezi kuutaja. Vitu vidogo vilikuwa vimeshamtoka baba. Vikubwa alikuwa bado anaviona.

Tulipotoka alikaa kwenye benchi la nje, akashika fimbo yake kwa mikono miwili. Nilidhani ataniuliza habari za dawa.

"Ile mashine yako," akasema, "inaweza kutengenezwa isikwame?"

Nikamwambia hakuna mashine isiyotengenezeka kwangu.

"Basi itengeneze, baba. Nataka nimwone akigeuka. Mara moja tu, kwa ukubwa. Baadaye haya macho yaende yanakokwenda."

Dada alinivuta pembeni, akasema tuazime laptopu ya mwalimu jirani, tuiunganishe na TV, tumalize leo au kesho. Nilikataa. Mashine ile niliipeleka mimi, na video ile nililipia mimi; sikuwa tayari baba yangu amwone mke wake kwa laptopu ya kuazima. Pia ningeweza kuihamishia video kwenye simu yangu nikaitazama peke yangu. Hilo nalo sikulifanya, na hilo sikulikataa kwa ubishi. Yule alikuwa mke wake kabla hajawa mama yangu. Wa kwanza kumwona alipaswa kuwa yeye.

Kilichotakiwa ni kadi ya grafiksi, ile inayoingizwa ndani ya kompyuta ili iipunguzie prosesa kazi ya picha na kuipa njia ya kuunganishwa na TV za kisasa. Anayedhani ni kwenda dukani na kusema nipe kadi, hajawahi kufungua kasha jembamba. Kadi ya kawaida ni ndefu kwa kimo. Ukiichomeka, mfuniko haufungi. Inatakiwa kadi fupi, ya kimo cha nusu, na bati lake la mgongoni liwe fupi pia. Tena pawa saplai ya mashine zile ni dhaifu, haina waya wa ziada wa kulisha kadi, kwa hiyo kadi iwe inayotosheka na umeme wa kwenye sloti inamochomekwa peke yake.

Muuza vifaa mmoja mjini alinitolea kadi ya feni mbili, kubwa kama tofali, akanisifia kwamba vijana wa magemu wanaigombania. Nikamuuliza mashine yangu ataipasua yeye au nitaipasua mimi. Akacheka, akaleta nyingine, fupi kweli, ya bei ya chini, imebandikwa karatasi inayosema ina memori kubwa. Niliigeuza nikatazama chipu zake. Karatasi ilikuwa inadanganya. Kadi ile ilikuwa kizee kilichopakwa wanja. Ingetoa picha kwenye TV, ndiyo, lakini ile video iliyobanwa kwa mtindo mpya isingeijua hata kwa salamu, na kazi yote ingebaki kwa prosesa ileile. Hapo ndipo wengi wanapoliwa. Wanaona picha imewaka, wanashukuru, wanalipa.

"Bosi, wewe ni mgumu," muuzaji akaniambia.

Nikamwambia mimi si mgumu, nimesoma.

Niliyoitaka niliipata Dar es Salaam kupitia mtu niliyesoma naye, ikaletwa kwa basi. Ilikuwa fupi, nyembamba, haidai waya wa ziada, na inaifungua video ya aina ile bila kuguna. Ilikuwa pia haina feni, ina bati la mapezi ya kupozea tu. Hilo nililichagua kwa makusudi, maana vumbi jekundu la Kipatimu lingeimaliza feni ndogo kabla ya msimu kwisha. Nilifungua boksi na kukuta bati la kimo kirefu limefungwa kwenye kadi, na lile fupi limo kwenye mfuko wa nailoni pamoja na skrubu zake. Nikalibadilisha mwenyewe. Nikaijaribu kwenye ile mashine pacha ya karakanani kwa video ya mpira iliyobanwa kwa mtindo uleule, uwanja umejaa, mvua inanyesha. Haikukwama hata kidogo.

Nilipanda nayo mlimani nimeifunga ndani ya shati langu la sikukuu, mkoba nimeupakata. Kutoka Njia Nne barabara ilikuwa imechimbika kwa mvua, na bodaboda alipoanguka kwenye tope mimi niliinua mkoba juu, nikaacha magoti yafike chini.

Baba alikuwa anajua nakuja. Alikuwa amenyoa ndevu, amevaa kanzu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Imekuja?"

"Imekuja."

Nilifungua kasha, nikapuliza vumbi, nikaichomeka kadi. Iliingia kama kisu kwenye ala yake. Mfuniko ukafunga. Nikaunganisha TV niliyowanunulia mwenyewe, picha ikajaa ukuta. Dada alisogeza kigoda cha baba karibu na TV, akaketi nyuma yake kwenye mkeka. Nilitaka kuipeleka video mbele moja kwa moja mpaka uani. Baba akanikataza.

"Anzia mwanzo," alisema. "Asije akaona tumemparamia."

Tukatazama harusi yote. Wajomba, shehe, vijana wa miwani. Baba aliuliza nani yule, na yule mwingine nani, dada akamjibu, wakamcheka mjomba mmoja aliyesinzia kwenye hotuba. Kisha kamera ikatoka ukumbini kuelekea uani.

Moshi ulipita kwenye TV laini kama maziwa yanayomiminwa. Wanawake walipishana na masinia, kila mmoja na hatua zake zote. Mama alikuwa anakoroga. "Mama, hebu tazama huku." Bega likaja, sikio likaja, hereni ikaja, ukingo wa shavu ukaja, na picha haikukwama. Ikaendelea. Na mama, kabla uso haujafika, akainua ncha ya khanga kwa mkono wa kushoto, akajifunika uso wote, hata macho. Akasimama hivyo kidogo mbele ya kamera, mwiko juu. Wanawake wakacheka. Mmoja akapiga kigelegele. Mama akageukia sufuria lake, na ikaja keki.

Kicheko kile tulikuwa tukikisikia siku zote. Tulidhani wanacheka kwa sababu ametazama.

"Rudisha," baba akasema.

Nikarudisha. Akasogea mpaka magoti yakagusa kabati la TV. Mama akajifunika tena. Akasema nirudishe tena, na mama akajifunika tena. Nyuma yetu dada alikuwa amevuta ncha ya khanga yake usoni, vilevile, mkono uleule, na baba hakumwona.

"Amejifunika," baba akasema. Sikujua kama ananiuliza.

"Amejifunika, baba."

"Wote?"

"Wote."

Niliangalia mashine, kana kwamba kulikuwa na skrubu niliyoisahau. Nimefungua mashine nyingi maishani mwangu na sijapata kuona moja iliyofanya kazi yake vizuri kama ile ilivyoifanya siku ile.

"Mbishi yule," baba akasema taratibu. "Hata wiki ya kwanza ya ndoa ilikuwa hivi." Akapangusa macho, akayatuliza tena kwenye TV. "Ilikuwa inakwama wapi?"

"Pale anapoanza kugeuka."

"Isimamishe hapo."

Nikarudisha, nikabonyeza. Bega, sikio, hereni, ukingo wa shavu, sasa vikubwa kama mlango. Baba alinyoosha mkono akaugusa ukingo ule wa shavu kwa vidole, akauacha mkono hapo.

"Hapa bado anakuja," alisema. "Iache hapa hapa."

Tuliiacha. Adhana ya magharibi ilipoita, dada alimletea maji ya kutawadha palepale alipokaa. Mimi nilishika mfuniko wa kasha kuona kama kadi imepata joto. Ilikuwa ya baridi. Picha iliyosimama si mzigo. Mashine ile ilikuwa ikiiweza siku zote, kabla sijaigusa.

Kabla ya mvua za vuli macho ya baba yalikuwa yamekwisha. Dada ananiambia kwenye simu kwamba jioni bado anaomba awashiwe, na anauliza kama imesimama mahali pake, na dada anamjibu imesimama. Kisha wanakaa.

Kadi bado imo, sijaitoa. Ni kadi nzuri. Niliichagua mwenyewe, na sikukosea.