Sentensi za Tonton Fataki

Juzi, kwenye chumba cha kufulia nguo hapa Arlington, Marekani, jirani yangu Mbengali alikuwa anajifunza Kiingereza kwa binti yake. Mtoto anasema, mama anarudia: "I am fine. I am happy." Walikuwa wanacheka. Mimi niliacha kukunja nguo.

Tonton Fataki, kaka ya mama yangu, ndiye aliyenilea kwenye kambi ya wakimbizi; alinikaririsha sentensi hizo mchana mmoja, harufu ya maharage yaliyoungua imejaa nyumba. Mzungu wa shirika la wakimbizi alikuwa anakuja kuulizia watoto wanaopigwa, awahamishie kwa walezi wengine. Kila nilipokosea, fimbo.

"Sema tena, kichwa cha mbuzi! Nobody beats me."

"Nobody beats me, tonton."

Nilijua maana yake: hakuna anayenipiga. Lakini niliamini Kiingereza ni lugha ya wakubwa. Ukilisema jambo vizuri kwa Kiingereza, linakuwa kweli. Basi mbele ya mzungu nilisema bila kukosea. Akatabasamu, akaandika, gari lake likaondoka.

Nikasikia Fataki anafunga mlango kwa ndani.

"You okay, auntie?" binti wa jirani aliniuliza.

"I am fine," nilimjibu, macho yangu yako mlangoni.