Vibao vya Vyoo Nilivyovipiga Msasa

Siku ya kwanza kazini sikupewa brashi. Nilipewa msasa, ile karatasi yenye mchanga ya kusugulia. Msimamizi wetu wa rangi, mtu wa Kanyakine, alipitisha kiganja ukutani akaniambia, "Kijana, macho yatakudanganya. Amini mkono. Ukisikia kipele, sugua." Mimi niliachia shule darasa la nne, lakini hilo nililishika.

Nilipaka rangi Kinoru, wakanihamisha Embu, mwisho Gachoka, na huko joto linakausha rangi kabla hujashuka ngazi. Lakini hayo ya joto tuyaache.

Karibu nistaafu, mkubwa wa ofisi aliniletea vibao viwili vya plastiki. "Mzee, hivi ni vya vyoo. Vipake kijani vifanane na milango, kisha uandike." Nikavishika. Vilikuwa na vipele upande wa mbele, sehemu ya chini. Nikasema kiwanda kimeharibu. Nilivisugua mpaka vikawa laini kama sahani, nikapaka, nikaandika Wanaume, Wanawake. Mkubwa akanisifu.

Baadaye vikaja vingine vilivyokwisha kuandikwa, na vipele vile vile, ila hivi havikupita mikononi mwangu. Kimoja kikabandikwa mahali madereva huegesha magari. Kingine mlango wa stima: Hatari, Usiguse. Karani alicheka. "Hiyo ni breli, mzee. Wasioona husoma kwa vidole. Sasa huyu atajuaje asiguse, kama hajagusa?" Nilicheka kuliko wote, ili asione uso wangu.

Nilinyamaza. Ningesema, vingeagizwa vingine. Lakini fundi wa miaka yangu aseme alifuta maandishi?

Ndipo akaja mwalimu mmoja mstaafu, mama asiyeona, na fimbo yake nyeupe. Karani alitaka kumshika mkono hadi chooni.

"Nionyeshe upande tu," mama akasema. "Nimesikia mmeweka breli. Milango nitaisoma mwenyewe."

Mimi nilikuwa juu ya ngazi, pale pale. Alipapasa kibao cha kwanza. Akarudia. Akaenda cha pili, akarudi. "Kuna mtu hapa?" akauliza. Nilishika brashi nikakaa kimya. Akasukuma mlango mmoja, na huko ndani wanaume wakaangua kicheko. "Cucu, nyanya yetu, leo umeamua kututembelea?"

Alitoka akiomba msamaha. Alisimama chini ya ngazi yangu akisugua ncha za vidole. "Vimekufa," alimwambia karani. "Macho yalienda nikiwa mtoto, nikabaki na hivi. Sasa hata Biblia yangu sijui nitaisoma na nini."

Nikasema kutoka juu, "Pole, mwalimu." Basi, hayo tu.

Siku hizi niko nyumbani na mbuzi wangu. Nyinyi mnaoshika brashi leo, kama hujui kitu ni cha nini, uliza kabla ya kusugua. Na kwa yule mwalimu ninakujua, ni juu kidogo ya soko. Nimeenda mara tatu nikaishia kwa geti. Vidole vyake havina shida yoyote, na hakuna mwingine wa kumwambia.